Nguzo za Mviringo Ndani ya Mawe ya Mchanga

Maswali ya wasomaji na majibu

Swali la kwanza

Mwandishi mpendwa, jambo. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Mwanafunzi wangu alileta darasani picha ya nguzo za mawe zilizosimama wima, za mviringo kabisa, ambazo zinaonekana kwenye mawe ya mchanga karibu na mji wa Kingston nchini Kanada. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yalisema kwamba ni miti iliyogeuka kuwa mawe. Wanafunzi wengine walibisha kwamba hakuna mti unaonyooka namna ile, kwa hiyo ni lazima nguzo hizo zilichongwa na watu wa kale. Niliwaahidi kwamba nitauliza. Nguzo hizo ni nini hasa, na je, zinaweza kupatikana katika mawe yetu ya Katanga?

Jibu

Mwalimu, majibu yote mawili ya darasani kwako yanaangushwa na hoja moja, nayo ni umri. Mawe ya mchanga ya upande ule wa Kingston ni sehemu ya kundi linaloitwa Potsdam, jina ambalo mwanajiolojia Ebenezer Emmons alilitoa mwaka 1838 kutokana na mji wa Potsdam ulioko jimbo la New York, ng'ambo ya mpaka. Mchanga huo ulitandazwa na mito, upepo na bahari ya kina kifupi takriban miaka milioni 500 iliyopita. Wakati huo nchi kavu haikuwa na mti hata mmoja, kwa kuwa miti ya kwanza inayojulikana ilitokea katika kipindi cha Devoni, ambacho hakifiki miaka milioni 420 kurudi nyuma. Kuhusu watu wa kale, hata tukihesabu mifupa mikongwe kabisa ya binadamu wa aina yetu hatuzidi miaka laki chache. Zaidi ya hapo, nguzo hizi hazikusimamishwa juu ya mwamba bali zimo ndani ya mwamba wenyewe, na mahali pengine matabaka yasiyovunjika yamezifunika kwa juu. Hakuna mchongaji anayeweza kuchonga nguzo chini ya tabaka ambalo hakuligusa.

Hata hivyo, mwambie mwanafunzi wako kwamba wazo la miti halikuwa la kijinga. Huko Joggins, Nova Scotia, Kanada hiyohiyo, kuna mashina ya kweli yaliyosimama wima ndani ya mawe ya mchanga. Ni mimea mikubwa ya kipindi cha Kaboni, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ambayo ilizikwa ikiwa imesimama, ikaoza sehemu ya ndani, kisha mchanga ukajaza uwazi uliobaki. Wanajiolojia Charles Lyell na William Dawson walipofika hapo mwaka 1852 walikuta mifupa ya wanyama wadogo ndani ya shina mojawapo. Lakini shina la Joggins lina dalili zake: gome limebaki kama utando mwembamba wa makaa ya mawe, alama za majani zinaonekana juu ya gome hilo, na chini kuna mizizi inayosambaa. Nguzo za Kingston hazina utando wa makaa, hazina gome wala mizizi. Ndani yake ni mchanga mtupu, uleule wa nje, isipokuwa umepangika kwa namna tofauti.

Mpangilio huo ndio ufunguo wa suala lote, na naomba darasa lako lilikazie hapo kuliko kwenye umbo. Umbo la mviringo ni ushahidi dhaifu sana. Maji yanayopanda hutengeneza mviringo, mnyama anayechimba hutengeneza mviringo, mzizi, shina, gesi na hata radi vilevile. Anayetaka kujua chanzo cha nguzo huangalia mambo mawili. La kwanza ni yale yanayoyapata matabaka ya jirani pale yanapokutana na ukingo wa nguzo: je, yamekatwa ghafla, yamepinda kuelekea chini, yamepinda kuelekea juu, au yanapita katikati bila kusumbuliwa? La pili ni hali ya mchanga wa ndani: je, una matabaka, na kama unayo, yamelala vipi?

Kwenye nguzo za Kingston, matabaka ya nje mara nyingi hupinda kuelekea chini yanapokaribia ukingo, kama yaliyovutwa na kitu kilichokuwa kinazama. Ndani, matabaka ya awali yamefutika, au yamegeuka kuwa pete zinazofuatana na ukuta wa nguzo. Ukubwa wake unatofautiana mno, kuanzia nguzo nyembamba ambayo mtu huikumbatia kwa mkono mmoja hadi zile zenye kipenyo cha mita kadhaa. Tofauti kubwa namna hiyo peke yake inatilia shaka maelezo yoyote yanayotegemea kiumbe hai, maana kila kiumbe kina kipimo chake.

Mwaka 1934 J. E. Hawley na R. C. Hart walichapisha uchunguzi wao kuhusu nguzo hizo, wakahitimisha kwamba zilitokana na maji ya chemchemi yaliyokuwa yakipanda ndani ya mchanga kabla haujawa jiwe. Namna inavyofanyika ni hii. Mchanga ulioloa hubeba uzito kwa sababu punje zake zinagusana. Maji yakianza kupanda kutoka chini kwa nguvu, yanasukuma kila punje kuelekea juu, na yakifikia kiwango ambacho msukumo wake unalingana na uzito wa punje ndani ya maji, punje zinaachana. Tangu hapo mchanga hauna nguvu tena, bali unacheza kama maji ya bukari yanayotokota kabla unga haujatiwa. Vumbi laini linabebwa juu na kutoka nje, punje nzito zinabaki zikizunguka, na matabaka yote yaliyokuwapo mahali hapo yanavurugika kabisa. Maji yakipungua, mchanga unatua, unajikaza katika nafasi ndogo kuliko ya mwanzo, na katika kushuka huko unavuta kingo za matabaka ya jirani kwenda chini.

Kwa nini iwe duara? Kwa sababu maji yanayotokea mahali pamoja husukuma pande zote kwa usawa, na kwa sababu kati ya maumbo yote duara ndilo lenye mzingo mfupi kuliko mengine kwa eneo lilelile. Njia yenye pembe ingekuwa na ukuta mrefu zaidi wa kusuguana nao, na pembe zake zingeliwa upesi na mchanga unaozunguka. Njia ikishafunguka inabaki njia, maana maji hupenda kupita palipolegea, ndiyo sababu nguzo inaweza kuendelea kupanda wima huku matabaka mapya yakiongezeka juu yake mwaka hadi mwaka.

Jambo hili halihitaji kukisiwa tu, kwa kuwa linaonekana leo. Kando ya mto Dismal katika jimbo la Nebraska, Marekani, kuna chemchemi ambazo mchanga wake unatokota mchana na usiku bila moto wowote, ndani ya mashimo ya mviringo yenye kuta zilizosimama wima. Watafiti Guhman na Pederson walizieleza mwaka 1992 wakionyesha kwamba shimo kama hilo, likizibwa na kugeuka jiwe, lingefanana na nguzo za kale zilizowasumbua wanajiolojia muda mrefu. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko yote, kwa sababu unatuonyesha kazi ikiwa inaendelea.

Hata hivyo, maji kupanda ni nusu ya jibu, kwani bado tunauliza kilichoyapandisha. Chemchemi ya kudumu ni sababu moja. Tetemeko la ardhi ni nyingine: mtikisiko unapoushtua mchanga uliojaa maji, shinikizo la maji kati ya punje huongezeka ghafla, mchanga hulegea na kuruka nje kupitia matundu. Wakazi wa Niigata, Japani, waliliona hilo mwaka 1964, na wa Christchurch, New Zealand, mwaka 2011, barabara zao zilipofunikwa na tope la mchanga lililotoka chini ya miguu yao. Upande wetu wa Afrika pia, karibu na Mbeya nchini Tanzania, wanajiolojia walieleza mwaka 2015 jinsi mchanga wa kale ulivyochomoza na kupasua matabaka kwa ukubwa wa kushangaza kutokana na matetemeko makali ya Bonde la Ufa. Kazi ya tetemeko hutofautiana na ya chemchemi kwa mambo mawili: hutokea mara moja katika eneo pana, hivyo matundu mengi huishia kwenye tabaka lilelile, na mara nyingi hufuata nyufa, hivyo nguzo hupangwa kwa mistari. Chemchemi haina sababu ya kuheshimu tabaka fulani.

Sababu ya tatu ni kinyume cha hizo mbili, yaani kudidimia. Chini ya mawe ya Potsdam kuna mwamba mkongwe zaidi, na mahali pengine mwamba huo ni marumaru, ambayo huyeyushwa polepole na maji. Pango likifunguka chini, mchanga wa juu hushuka kama nguzo nzima. Kupinda kwa matabaka kuelekea chini kunaafikiana na maelezo haya vizuri, lakini pale ambapo chini ya nguzo hakuna kinachoweza kuyeyuka, hoja hiyo inakwisha. Mimi naona si lazima nguzo zote za eneo hilo ziwe na sababu moja.

Kuna nguzo nyingine maarufu za kulinganisha nazo. Katika hifadhi ya Kodachrome Basin, jimbo la Utah, nguzo 67 za mawe ya mchanga zimesimama peke yake uwandani, fupi kabisa ikiwa na mita 2 na ndefu kufikia mita 52. Hizo zilikuwa ndani ya mwamba wa kipindi cha Jura. Zilishikwa na saruji ya asili iliyo ngumu kuliko mwamba wa jirani, na mvua na upepo vilipoula mwamba ule laini, zenyewe zikabaki. Huko nako chemchemi za kale na matetemeko vinashindania heshima ya kuwa chanzo.

Sasa Katanga. Mawe yetu ya kale yamegawanywa katika makundi ya Roan, Nguba na Kundelungu, na kundi la chini, Roan, lilianza kuwekwa baada ya miaka milioni 880 iliyopita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mawe haya ni mikongwe hata kuliko ya Kingston. Maji yanayopanda yalikuwapo wakati huo, matetemeko yalikuwapo, mchanga ulikuwapo, kwa hiyo hakuna kinachozuia nguzo za namna hiyo kuwamo. Ila kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kuanzia Kolwezi kupitia Likasi hadi huku kwetu mawe yamekunjwa vibaya na nguvu zilizosukuma ardhi miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita. Nguzo iliyozaliwa wima leo inaweza kuwa imelala, kwa hiyo usiipime kwa kuilinganisha na ardhi unayoikanyaga, bali na tabaka linaloizunguka: iwe imelikata tabaka kwa pembe ya mraba. Juu ya uwanda wa Kundelungu, ambako matabaka yamelala bila kukunjwa sana na maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kwenye ukingo wake, kazi hiyo ni rahisi zaidi.

Tahadhari ya pili ni nguzo za uwongo, kama naweza kuziita hivyo. Kila aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba anajua jina R.S.C., lile jiwe lenye vishimo ambalo wanajiolojia wa migodi hulitambua kati ya matabaka ya madini. Hilo, pamoja na dolomiti (mawe ya jamii ya chokaa) za Kambove, lina stromatoliti, yaani nguzo na vichuguu vilivyojengwa na utando wa bakteria baharini, utando juu ya utando. Ukizikata unaona duara, na mwanafunzi atafurahi kwamba amepata nguzo ya Kingston. Lakini ukizikata kwa wima unaona tabaka nyembamba zilizopinda kuelekea juu, kama bakuli zilizofunikwa na kupangwa, ilhali nguzo ya maji ama haina tabaka ndani ama inazo zilizobonyea kuelekea chini. Na jiwe lenyewe ni dolomiti, si mchanga.

Swali la pili

Mimi ni msomaji wa Kipushi. Nimesoma kwamba almasi hupatikana katika nguzo za mawe zinazoshuka ardhini, na kwamba uwanda wa Kundelungu unazo. Je, mtu akiona nguzo ya mviringo katika mawe ya mchanga, ni dalili ya madini?

Jibu

Ndugu msomaji, umechanganya nguzo za aina mbili, na kuchanganya huko kunaweza kukugharimu jasho la bure. Nguzo za almasi ni za kimberliti, mwamba uliopanda kwa mlipuko kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100, na ni kweli zipo kwenye uwanda wa Kundelungu. Umri wake ni takriban miaka milioni 32 tu, ujana kabisa ukilinganisha na mawe zilizoyapasua. Ndani yake hukuti mchanga bali mwamba mweusi au wa kijani kibichi wenye vipande vya mawe mengine, unaooza na kuwa udongo wa manjano. Nguzo ya mchanga haikutoka kokote mbali; ni mchanga wa hapohapo uliovurugwa na maji.

Kuna hali moja ambapo nguzo na madini hukutana, nayo ni pale ambapo mwamba umeporomokea ndani ya pango na kuacha bomba la mawe yaliyovunjika, ambalo maji ya chini ya ardhi hupitia baadaye na kuacha mzigo wake. Kandokando ya Grand Canyon huko Arizona yapo mengi, na mojawapo, mgodi wa Orphan, ulianza kwa shaba kisha ukachimbwa urani hadi mwaka 1969. Lakini bomba lenyewe halileti madini. Linatoa njia tu, na njia nyingi hazikupitiwa na chochote cha thamani. Sisi tunaoishi si mbali na Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani, tunapaswa pia kukumbuka kwamba urani si kitu cha kuchunguza kwa mkono mtupu na sururu.

Swali la tatu

Jambo mwandishi. Mimi ni mama wa familia, naishi Kampemba, na katika kiwanja chetu kuna kichuguu kikubwa kiasi kwamba jirani alichonga matofali ya nyumba nzima bila kukimaliza. Nikisoma habari za nguzo hizi najiuliza: haziwezi kuwa vichuguu vya kale vilivyogeuka mawe?

Jibu

Mama, swali lako lilisumbua wataalamu pia, na jibu lake ni "ndiyo" mahali fulani, "hapana" kwingine, na ubishi mkali katikati.

Tuanze na hicho cha kiwanjani kwako. Vichuguu vikubwa vya Katanga ya juu hujengwa na mchwa aitwaye kitaalamu Macrotermes falciger, na huweza kufikia mita 8 kwenda juu. Uchunguzi wa kaboni uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu vichuguu vya misitu ya miombo ya huku kwetu ulionyesha kwamba kimojawapo kilikuwa na umri unaozidi miaka 2,000. Kitu kinachodumu muda huo kinaweza bila shaka kufunikwa na mchanga wa mafuriko na kubaki ndani ya mwamba.

Na vimebaki. Katika bonde la Rukwa nchini Tanzania, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, watafiti walieleza mwaka 2016 viota vya mchwa vyenye umri wa takriban miaka milioni 25 vikiwa na bustani za uyoga ndani yake, zile sega ambazo mchwa hukuza kuvu kwa chakula. Huko Chad vimepatikana vingine vya miaka milioni 7 hivi. Hapo hakuna anayebisha, kwa sababu dalili hazitegemei umbo la nje: kuna vyumba, kuna njia nyembamba zinazounganisha vyumba, kuna sega lenyewe lililotengenezwa kwa vidonge vidogo vya mviringo.

Ubishi uko kusini zaidi. Katika bonde la Tuli, kwenye mpaka wa kaskazini wa Afrika Kusini, kuna nguzo za mawe ya mchanga zinazofikia urefu wa mita 3.3, ndani ya mwamba wa Clarens wa mwanzo wa kipindi cha Jura. Mwaka 2004 Emese Bordy na wenzake waliandika kwamba hivyo ni viota vya mchwa wa hali ya juu, kutokana na mtandao wa vijia vilivyomo ndani ya nguzo. Mwaka uliofuata Jorge Genise na wenzake wakawapinga kwa maandishi. Tatizo kubwa ni la miaka. Mwamba ule unakaribia miaka milioni 180 au zaidi, ilhali visukuku vya mchwa wenyewe, yaani miili yao, vilivyo vikongwe kuliko vyote vinatoka katika kipindi cha Kreta, makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Ama mchwa ni wakongwe zaidi kuliko miili yao inavyoonyesha, ama vijia vile vilichimbwa na mizizi au wadudu wengine. Mimi nasita kumpa mjenzi kazi iliyomalizika kabla hajaonekana duniani, ingawa nakubali kwamba mwili laini wa mchwa huoza upesi huku nyumba yake ikibaki.

Kwa nguzo za Kingston mchwa hawana nafasi kabisa. Miaka milioni 500 iliyopita hata wadudu wa nchi kavu hawakuwapo. Viumbe waliochimba mchanga wakati huo walikuwa wa baharini, na kazi yao inajulikana vizuri. Kaskazini-magharibi mwa Uskoti kuna mwamba mweupe uliojaa vijibomba vilivyosimama wima kwa maelfu, hata ukaitwa mwamba wa mabomba. Kila kijibomba kina unene wa kidole hivi, unene huo haubadiliki kutoka juu hadi chini, na kimoja hakikati kingine, kama vile kila mnyama alijua mipaka ya jirani yake. Wanajiolojia huita alama hizo Skolithos, jina lililotolewa mwaka 1840. Ukiona nguzo zenye kipimo kimoja zimesongamana bila kukatana, fikiria mnyama. Ukiona moja nyembamba na nyingine pana kuliko chumba, zikikatana ovyo, fikiria maji.

Swali la nne

Mimi ni fundi mwashi, nafanya kazi Ruashi. Tuliletewa mawe bapa ya mchanga mwekundu ya kuwekea sakafu ya baraza. Mengi yana madoa ya mviringo ya rangi nyeupe, mengine madogo kama kifungo cha shati, mengine makubwa kama sahani, na duara lake ni safi mno. Mwenye nyumba anasema ni nguzo zilizokatwa. Je, ni kweli, na je, jiwe hilo ni dhaifu?

Jibu

Papa fundi, ligeuze jiwe. Nguzo iliyokatwa inatoboa jiwe bapa kutoka uso mmoja hadi mwingine, hivyo duara litaonekana pande zote mbili, mahali palepale, kwa ukubwa unaokaribiana. Ikiwa upande wa pili hauna doa, au lina doa dogo zaidi, basi ulichonacho ni mpira uliokatwa, si nguzo.

Madoa ya namna hiyo ni ya kawaida sana katika mawe mekundu ya mchanga. Wekundu wake unatoka kwenye utando wa kutu unaofunika kila punje. Mahali ambapo palikuwa na kipande cha mmea au kitu kingine kinachonyang'anya oksijeni, chuma cha kutu kiligeuka kikayeyuka na kuondoka na maji, na kwa kuwa badiliko hilo lilienea sawa kwa pande zote kutoka kwenye kiini, likaacha mpira mweupe. Tafuta katikati ya doa: mara nyingi kuna kitone cheusi, ndicho kiini chenyewe. Matabaka ya jiwe hupita ndani ya doa bila kupinda wala kukatika, kwa sababu kilichobadilika ni rangi peke yake na hakuna punje iliyosogezwa.

Usichanganye pia na mistari ya kahawia inayojizungusha kama ramani ya vilima. Hiyo ni kutu iliyotembea na maji ndani ya jiwe na kuganda kwa vipindi, haifuati tabaka wala haishuki wima.

Kuhusu uimara, doa jeupe la rangi tu halipunguzi chochote, ila ligonge kwa nyundo ndogo ulinganishe sauti yake na ya sehemu nyekundu, kwa sababu kuna mawe ambayo saruji yake ya asili imeondoka pamoja na kutu, na hapo jiwe hutoa sauti ya kiziwi na punje zake hubanduka kwa kucha. Jiwe la hivyo liweke ukutani, si mlangoni pa kukanyagwa. Na likitokea jiwe ambalo duara lake limetoboka pande zote mbili, huku mistari ya tabaka ikipinda ukingoni, usilipige saruji bado: lioshe, weka rula kando yake, lipige picha pande zote mbili, muulize dereva wa lori lilipakiwa machimbo gani, kisha lipeleke pamoja na jina la machimbo hayo kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.